Pazia la Kasuku na Simba wa Blanketi

Kwa wewe uliyefungia sabuni ukurasa wangu wa gazeti la wiki iliyopita kabla hujausoma, nakufupishia.

Mimi ni fundi mapazia. Mtandaoni kuna ukurasa unaitwa Shangazi Miwani. Mwenyewe hajulikani, ila anayoyaandika yanajulikana mji mzima. Aliandika jinsi Mwenyekiti wa mtaa alivyozungushia ukuta uwanja wa watoto akaufanya gereji yake. Aliandika jinsi zahanati ilivyokaa miezi mitano bila taa kwenye chumba cha kujifungulia. Siku moja, nadhani habari zilimwishia, akaniandika mimi.

"Kuna fundi mmoja mjini," aliandika. "Ukimpelekea kitambaa cha pazia la chumba cha mtoto mchanga, mpelekee kabisa na vipimo vya nyumba atakayojenga huyo mtoto akishaoa."

Walicheka watu elfu nne. Wa kwanza alikuwa mke wangu.

Nikaingia kwenye kundi linaloitwa Tumjue Shangazi. Tulikuwa watu elfu tatu humo, sote tumechukia kwa sababu kuna mtu anaficha jina lake. Alikuwepo Ukweli Mtupu. Alikuwepo Mzalendo Halisi. Alikuwepo mmoja anaitwa Sina Woga, ambaye kwenye picha yake amevaa kofia ya pikipiki iliyofunika uso wote. Mimi nilijiita Simba Mkweli na picha nikaweka simba. Simba mwenyewe ni wa kwenye blanketi nililotundika dukani, lakini kwenye simu alitisha.

Halafu Shangazi akaweka picha ya kikombe cha chai dirishani. Pembeni ya kikombe ilionekana ncha ya pazia: kasuku wa njano, na kwenye kona ya pindo uzi wa rangi ya damu ya mzee, umeshonwa alama ya kuzidisha. Mjini hapa hakuna anayefunga kona namna hiyo isipokuwa mimi. Nilifundishwa na marehemu mwalimu wangu, na sijamfundisha mtu.

Nikafungua daftari la vipimo. Kitambaa cha kasuku wa njano nimekishona mara moja tu maishani: kwa mkunga mstaafu, mwenye geti la kijani.

Nikaandika kwenye kundi: "Shangazi Miwani ni huyu hapa. Tazameni kona ya pazia lake." Nikaweka jina lake, mtaa wake, rangi ya geti lake, na namba ya simu aliyoniachia ili nimpigie mapazia yakiwa tayari. Nikamalizia kwa madaha: "Mtu mkweli hajifichi. Wenu, Simba Mkweli."

Siku ya tatu, mkunga mwenyewe akasimama mlangoni mwa duka langu. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji.

"Hodi, Fundi."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nataka mapazia."

Nilishusha pumzi mpaka vifungo vya shati vikalegea. Hakuja kunishika shati. Alikuja kama mteja.

"Mapazia ya namna gani, mama?"

"Mazito. Yasiyoonyesha hata kivuli. Madirisha yote, na choo."

"Lakini choo kina kidirisha kidogo tu kule juu."

"Jana kuna mtu alipanda tofali akachungulia. Akaniuliza, 'Shangazi, na huku pia unaandika?'"

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Kiti cha wateja kinatazamana na ukuta, na ukutani ndipo alipo simba. Mkononi alikuwa na simu yake, na kwenye simu yake alikuwepo simba yuleyule, mdogo, juu ya maneno yangu. Nikachukua kipande cha bitana, nikamfunika wa ukutani.

"Mbona unamfunika simba wa watu?"

"Vumbi, mama."

Simu yake ikalia. Akaipokea upesi, na sauti yake ikabadilika ikawa ya kazini.

"Haloo, mama. Maumivu yameanza lini?"

Hata mimi nilimsikia wa upande wa pili. Aliyoyasema sitayaandika, gazeti hili husomwa na watoto. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, asante," akakata.

"Si uizime tu, mama?"

"Niizimeje? Huyo ni wa thelathini na moja tangu asubuhi. Wa thelathini na mbili anaweza kuwa msichana chupa imempasukia, yuko peke yake, hajui ashike wapi." Akaiweka simu magotini. "Kinachoniuma ni kwamba nusu yao nimewapokea mimi, kwa mikono hii. Walikuja wanalia, nikawafuta, nikawafunga kitovu. Leo wamerudi kwenye simu, bado wanalia."

Nikajitia hamnazo. "Kwani mama, wewe kweli si Shangazi?"

Alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka.

"Fundi, nimeingia vyumbani mwa watu miaka thelathini na minne. Najua mtoto gani anafanana na nani. Ningekuwa mimi ndiye Shangazi Miwani, mji huu usingebakiwa na ndoa tatu. Mdomo nimeufunga miaka yote hiyo. Halafu anatokea mtu na simba wake, ananitoa uchi barabarani."

Niliinama nikatafuta sindano ambayo haikupotea.

"Dada yangu anataka nihamie kwake," akaendelea. "Jumamosi anakuja na gari. Nimemwambia nitajaribu mapazia kwanza. Yakishindwa, nafunga nyumba naondoka. Wa kujifungua huku watajijua."

"Usiondoke, mama."

"Basi nishonee. Yawe tayari Ijumaa."

"Ijumaa."

"Fundi."

"Haki ya Mungu, mama, Ijumaa."

Msomaji, hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Kilichotoka ni, "Twende nikapime."

*

Mimi sishoni kwa vipimo vya kuletewa. Mteja hupima dirisha kwa mkono, akazidisha kwa matumaini. Lazima niende mwenyewe.

Kwenye lile geti la kijani mtu alikuwa ameandika SHANGAZI kwa mkaa, na mwingine mwenye kipaji akachora miwani chini yake. Mkunga alipita bila kugeuza shingo. Mimi niliiangalia, maana ile rangi ya kijani niliitaja mimi.

Ndani kulikuwa safi, vitu vichache, kila kimoja mahali pake. Nikapanda kwenye stuli, nikanyoosha futi yangu ya kupimia, na hapo ndipo nikaona. Mapazia ya sebuleni yalikuwa ya bluu. Nikaenda chumbani: bluu. Jikoni: bluu.

"Mama, yale ya kasuku yako wapi?"

"Kasuku gani?"

"Kasuku wa njano. Nilikushonea mwenyewe. Yamo kwenye daftari langu."

Akanitazama kwa huruma, vile wanavyomtazama mgonjwa anayeuliza ni siku gani leo.

"Fundi, umesahau? Si uliyaleta mafupi? Hayakufika mwisho wa dirisha, jirani yangu akauliza kama ni aproni. Nikakurudishia siku ileile, ukanishonea haya."

Nikashuka kwenye stuli polepole.

Sasa nikueleze kuhusu futi yangu. Mwanzo wake niliuunguza kwa pasi, sentimita kumi zikaenda na moshi. Kwa hiyo inaanza na kumi na moja. Kila nikipima lazima nitoe kumi kichwani, na kwa kawaida natoa. Siku ya mapazia ya kasuku dirisha nililipima kwa rula ya mbao, kitambaa nikakikata kwa futi, na kumi nikaisahau. Yakatoka mafupi. Kwa nini sikukumbuka? Kwa sababu kosa huwa siliandiki. Daftari langu lina kazi nilizozifanya. Kazi zilizorudishwa hazimo. Mteja akilifungua, aone fundi asiyekosea.

Mteja hakulifungua. Nililifungua mimi, nikaliamini.

Nilitoka nje nikampigia mke wangu.

"Mama Pacha, yale mapazia ya kasuku yaliyorudishwa na mkunga, niliyapeleka wapi?"

"Baba Pacha, unaumwa? Si ulimpa mama? Ukayapunguza kidogo, ukamwekea dirisha la jikoni. Ukamwambia kitambaa umekiagiza maalumu kwa ajili yake. Umemwambia hivyo mara tano, na mbele za watu."

"Mama yupi?"

"Mama yangu! Mama mkwe wako! Una wangapi?"

Uongo wenyewe niliusema vizuri mno, hata mimi nikauamini.

"Haloo?" mke wangu akaita. "Kwani kuna nini? Na umesoma Shangazi alichoandika leo? Anasema yeye si mkunga, wamwache mama wa watu. Na huyo Simba Mkweli, Mungu amlaani yeye na meno yake."

"Amina," nilisema. Nikamuaga kwamba naenda kwa mama yake.

Nikafungua kundi. Mambo yalikuwa yameshabadilika. Sina Woga alikuwa amepiga picha ya nyumba ya mkunga kutoka ng'ambo ya barabara, nadhani bila kuvua kofia, akauliza mbona mapazia ni ya bluu. Ukweli Mtupu akajibu kwamba kayabadilisha ili kutuchanganya. Mzalendo Halisi akajibu kwamba basi atafutwe fundi aliyeshona ile kona, maana fundi ndiye anajua. Chini yao akaandika mtu mmoja kwa jina lake kamili na cheo chake, kwa kuwa alitaka kupongezwa: Mwenyekiti wa mtaa.

"Fundi niachieni mimi," aliandika. "Leo hii nampata."

*

Mama mkwe wangu ni mtu wa sauti ndogo. Akizungumza lazima usogee. Miwani yake ameifunga kamba, inaning'inia kifuani. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya manispaa mpaka alipostaafu, na siku ya kuondoka walimpa taipureta yake aende nayo kwa sababu hakukuwa na mwingine anayeiweza. Anaishi vyumba viwili na jiko, nyuma ya nyumba kubwa. Nyumba kubwa ni ya Mwenyekiti. Vyumba viwili na jiko pia ni vya Mwenyekiti.

Nilimkuta jikoni, amekaa mezani, taipureta mbele yake, simu pembeni ya taipureta, kikombe cha chai dirishani. Juu ya kikombe, kasuku wa njano walikuwa wakicheza na upepo. Kwenye kona ya pindo niliiona kazi yangu, uzi wa damu ya mzee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Hujambo? Na wajukuu zangu?"

"Hawajambo." Nikabaki nimesimama. Mtu hamuulizi mama mkwe wake swali la namna hiyo. Mimi hata kula mbele yake hula kwa adabu. Nikaamua nipite mbali. "Mama, hivi wewe... huwa unaingiaingia mtandaoni?"

"Ninaandika," alisema. "Napiga rasimu kwanza hapa kwenye mashine, nasahihisha, ndipo naihamishia kwenye simu kwa kidole kimoja. Bila rasimu mtu anaropoka. Kaa, nikumiminie chai."

Ndivyo alivyokiri. Kwa sauti ileile ya kukaribisha chai.

Nikavuta kiti nikakaa.

"Kwa hiyo wewe ndiye Shangazi Miwani."

"Usiseme kwa sauti, mwenye nyumba ana masikio."

"Lakini mama, kwa nini usiandike kwa jina lako?" Nilijisikia nauliza kwa sauti ya Simba, ile ya hasira ya haki. "Mtu mkweli si anasimama akajulikana?"

Alikizungusha kikombe taratibu.

"Jina langu, baba? Nimepiga barua za wakubwa miaka thelathini. Kila barua chini kabisa, kushoto, kuna herufi mbili ndogo baada ya kistari. Hizo ndizo zilizokuwa jina langu, mpiga chapa. Nimepiga barua ya kumfukuza mtu kazi, nikapiga ya kumpongeza aliyemfukuza. Nimepiga na ile ya kuutoa uwanja wa watoto, naikumbuka mpaka tarehe. Nilipostaafu nikasema sasa nipige zangu. Lakini ningeweka jina, huyu baba wa nyumba kubwa angenitolea virago siku hiyohiyo. Nimejificha nisionwe na mtu anayeweza kunifukuza." Akanitazama juu ya miwani. "Simba amejificha asionwe na nani? Na mkunga?"

Chai ilipita njia isiyo yake. Nikakohoa mpaka machozi.

"Na yule fundi?" nikasema nilipopata pumzi. Lilinitoka tu, lilikuwa limenikaa rohoni muda mrefu. "Fundi alikufanya nini mpaka ukamcheka mbele ya watu elfu nne?"

"Mapazia ya chumbani niliyaagiza mwaka juzi."

Yako dukani, chini ya meza, yamekatwa.

"Lakini hilo nilikosea," akaendelea, na safari hii macho aliyashusha. "Mwenyekiti ana nguvu, fundi hana. Kumcheka fundi nikiwa nyuma ya pazia, tena pazia alilonishonea yeye, haikuwa vizuri. Nilijiona mjanja. Nimeliandika hilo humu, mstari wa tatu."

Akachomoa karatasi kwenye mashine akanipa. Ilikuwa imepigwa vizuri, pambizo sawa pande zote.

"Mimi ndiye Shangazi Miwani," ilisema. "Mkunga mstaafu hahusiki na hajawahi kuhusika. Fundi niliyemtania namwomba radhi." Na chini, majina yake yote matatu, na sahihi.

"Mama! Ukiituma hii Mwenyekiti atakutoa!"

"Atanitoa. Nimeshafunga vyombo."

Nikatazama pembeni. Kweli, kwenye kona ya jiko kulikuwa na maboksi mawili na ndoo. Sufuria moja tu ilibaki jikoni. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Mimi nilimtoa mkunga nyumbani kwake kwa hasira ya utani, na mwanamke huyu alikuwa anajitoa kwake ili amrudishe.

"Ila hiyo peke yake haitoshi," alisema. "Nimeandika mara mbili kwamba mkunga si mimi. Wakasema ndiye, anajitetea. Nikijitaja, watasema bibi mmoja anamkinga shoga yake. Atakayewaambia mkunga hahusiki wakamwamini ni mmoja tu: yule aliyewaambia kwamba anahusika."

"Simba Mkweli."

"Huyo."

Akachukua simu, akaweka miwani, akaivuta picha ya simba kwa vidole viwili mpaka ikajaa kioo.

"Nimemtazama sana," alisema. "Huyu simba ana mshono puani. Ni blanketi hili."

"Mablanketi ya simba yapo mengi, mama."

"Na hapa karibu na sikio imening'inia futi ya kupimia."

"Futi zipo kila duka."

"Zinazoanza na kumi na moja?"

Kasuku wakapepea. Nilitaka kuruka kimanga, lakini futi hiyo mji mzima ninayo mimi tu.

"Tangu lini umejua?" niliuliza.

"Tangu siku uliyoweka namba ya simu. Nilikusubiri uje mwenyewe. Nikasema mkwe wangu huchelewa, ila hufika."

Kabla sijajibu simu yangu ikalia. Mkunga.

"Fundi, wamerudi," alisema, na sauti yake ya kazini haikuwepo tena. Hii ilikuwa ya mtu mwenye hofu. "Kuna mmoja amekaa juu ya ukuta anapiga picha. Nimempigia dada. Amesema hakuna cha kusubiri Jumamosi, anakuja kunichukua jioni hii. Nimemwambia fundi wangu ni mtu wa neno lake, labda leo. Mapazia yatakuwa tayari lini?"

"Kesho, mama."

Neno lilitoka lenyewe. Mdomo wangu umelisema miaka kumi na nane, hauhitaji ruhusa yangu tena.

"Haya, Fundi," alisema. "Asante." Kama alivyowaambia wale wa matusi.

Nikaiweka simu mezani kifudifudi. Mama mkwe alichukua karatasi ya pili kwenye folda, akaipachika kwenye taipureta, akaizungusha mpaka ikakaa sawa, akaisukuma mashine upande wangu.

Nikasoma. "Mimi niliyejiita Simba Mkweli nilimtaja mkunga mstaafu kwa makosa. Nililiamini daftari langu. Kila aliyempigia simu kwa sababu yangu, nambebea lawama. Jina langu ni..." Na baada ya hapo vitone, mstari mzima wa vitone, alivyovipiga kwa mkono wake kimoja kimoja.

"Nimekuachia nafasi," alisema. "Siwezi kukutaja mimi. Nikikutaja nitakuwa nimefanya ulichofanya."

"Mama, watanimaliza. Duka langu lina mlango mmoja. Namba yangu imeandikwa juu ya mlango kwa rangi nyekundu."

"Namba ya mkunga walikuwa nayo wanaoihitaji tu, mpaka ulipoiandika."

"Nina watoto."

"Ni wajukuu zangu. Nawafahamu."

"Basi tufanye kesho. Nikamshonee kwanza, halafu kesho..."

Nilijisikia mwenyewe nikisema kesho, neno lilelile nililompa mkunga.

Nikanyoosha vidole juu ya mashine. Nimeshona mapazia ya nusu ya mji huu. Nimewaficha watu wakigombana, wakivaa, wakilia, wakihesabu nywele zao nyeupe, na sijawahi kufikiri kwamba hiyo ndiyo kazi yangu. Nilidhani kazi yangu ni kitambaa.

"Hodi huko nyuma!"

Ilikuwa sauti nzito, ya mtu asiyesubiri kukaribishwa kwa kuwa kila mlango ni wake.

"Mama mpangaji! Huyo mkweo yuko hapa? Dukani kwake kumefungwa, mkewe ameniambia amekuja kwako. Nina picha ya pazia hapa kwenye simu. Nataka aniambie kamshonea nani."

Viatu vyake vikaanza kuja kwenye kokoto za uani. Dirisha lilikuwa wazi. Upepo ukawashika kasuku, ukawatoa nje wote, pindo na kona na uzi wa damu ya mzee.

Nikaruka kuwavuta ndani. Mama mkwe akanishika mkono. Hakuwahi kunishika mkono tangu nimwoe binti yake.

"Acha dirisha," alisema. "Andika."

"Anakuja, mama!"

"Namsikia. Andika."

Nikakaa. Nikapiga kistari, kisha herufi ya kwanza ya jina langu. Nikapiga na ya jina la pili. Nikainua mkono, nikasema moyoni, hapo nimeandika, mwenye akili ataelewa.

Kivuli cha Mwenyekiti kikafika kwenye kasuku. Mama mkwe hakugeuka. Aliivaa miwani, akainama juu ya karatasi, akasoma nilichoandika.

"Hizo ni herufi za mpiga chapa, baba," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Mwenye barua huandika jina zima."